Chuma Kiliponyamaza

Ndugu zangu, naomba twende mbali kidogo asubuhi hii, juu kabisa milimani, mahali ambapo mawingu hayakai angani. Yanashuka, yanatembea barabarani, yanaingia majikoni kama wageni wasiobisha hodi. Ukungu ukishatanda huko, mtu haoni hata mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo wenyeji wana desturi yao. Kwenye uwanja wa kanisa wametundika rimu kuukuu ya lori, na ukungu ukishuka, mmoja wao hushika nyundo na kuigonga, ngo, ngo, ngo, bila kupumzika, mpaka mtu wa mwisho aliyetoka kijijini arudi. Walioko njiani huifuata sauti hiyo. Chuma kikinyamaza, maana yake wote wamefika.

Katika kijiji hicho kulikuwa na mama mmoja ambaye mwaka ulikuwa umemwelemea. Viazi vilimwozea shambani. Mumewe alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, na tangu hapo kimya, hata salamu kwa mdomo wa mtu hakupata. Sasa mtoto wake wa pekee akashikwa na homa. Mama akambeba mgongoni, akafuatana na wifi yake, wakashuka hadi zahanati ya bondeni. Walipewa dawa, wakaambiwa wamuwahishe nyumbani, asije akapigwa na baridi.

Wakiwa njiani kurudi, ukungu ukashuka.

Ulikuja taratibu, mweupe, laini. Ukameza misonobari, ukameza mashamba ya pareto, ukameza barabara, mwishowe ukameza miguu yao wenyewe, wakawa wanatembea kama watu wanaoelea usingizini. Mama hakuona kitu ila weupe. Alikuwa na joto la mtoto mgongoni, na mbele yake, mahali fulani ndani ya weupe ule, alikuwa na sauti: ngo, ngo, ngo. Akaziachia hatua zake zifuate mapigo. Mtoto akatulia. Kwa kitambo kidogo hata yeye alisahau kuogopa.

Halafu chuma kikanyamaza.

Wakasimama. Wakangoja pigo linalofuata. Halikuja.

"Wifi," mama akanong'ona, "umesikia?"

"Nisikie nini, na hakuna kitu? Wametuhesabu kwamba tumefika, hao. Mgonga chuma wao saa hizi yuko jikoni anapuliza chai."

"Lakini wanajua tumetoka."

"Wanajua, wanajua. Hata mumeo anajua unapoishi. Amekuja?"

Chini yao, upande wa kushoto, mto ulikuwa unavuma, karibu kabisa, kama unawaita.

"Mto huo hapo," wifi akasema. "Tuufuate, utatutoa darajani."

"Na korongo je?"

"Na baridi je? Unataka mtoto akugandie mgongoni?"

Ndugu zangu, ninyi mngefanya nini? Upande mmoja kuna sauti ambayo imekoma. Upande mwingine kuna sauti inayovuma bila kukoma, na mtoto anatetemeka. Mngefuata ipi?

Mama alishika pindo la kanga ya wifi yake ili asiondoke. Kisha akageuza uso kule ambako chuma kilikuwa kinalia, na mambo yote ya mwaka ule yakamjia kwa pamoja.

"Wewe uliyeshika nyundo," akasema kwa sauti kubwa, "si ulituita mwenyewe? Tumekufuata tangu kwenye misonobari. Tumekuja na mtoto anaungua. Sasa unanyamaza? Ulitutoa kule kote ili uje utuache hapa?"

Akamsema. Akamsema mpaka machozi yakachanganyika na umande, akasema habari za viazi, akasema habari za mume, mambo ambayo mgonga chuma hakuhusika nayo hata kidogo.

"Unagombana na ukungu sasa," wifi akamwambia.

"Sigombani na ukungu. Nagombana na mtu."

Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka ndani ya weupe, karibu, ikihema kwa kukimbia.

"Endelea kunisema, dada. Usinyamaze. Niko karibu kukufikia."

Akatokea, amelowa, nyundo bado mkononi.

Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumgeukia. "Kwa nini uliacha kugonga?"

"Mlikuwa mmebaki ninyi tu," akajibu. "Na nikigonga, sisikii kitu kingine. Niliacha ili nisikie mko wapi, nije niwachukue."

Kisha akanyoosha nyundo kuonyesha mbele ya miguu ya wifi. Hatua chache tu, na ardhi ilikuwa imekwisha. "Mto unasikika karibu," akasema, "kwa sababu kati yake na ninyi hakuna kitu."

Ndugu zangu, sisi tulioketi kwenye mabenchi haya tunaujua ukimya ule. Tumeomba mtoto apone, tumeomba kazi, tumeomba habari za mtu aliyepotea, na siku moja tukahisi kwamba hata kile kidogo tulichokuwa tunakisikia kimekoma. Tukasema, Mungu ametuhesabu kwamba tumefika, amekwenda zake. Lakini nani alituambia kwamba anayenyamaza ameondoka? Je, kama amenyamaza ili atusikie?

Tumezoea kudhani kwamba imani ni kutabasamu wakati wa shida. Yule mama hakutabasamu. Alilaumu, alilia, alisema hata yasiyohusika. Lakini uso wake haukugeuka. Hatumkasirikii mtu ambaye tunaamini hayupo.

Basi wewe uliyekuja hapa leo ukiwa na neno zito dhidi ya Mungu, usilimeze ukaenda nalo mtoni. Mwambie yeye mwenyewe. Mwambie mpaka sauti ikukauke. Yuko njiani tayari, na sauti yako ndiyo anayoifuata.