Sultani na Dawa Isiyo na Udongo

Hapo zamani za masultani waliosifiwa kwa ukubwa wa matumbo, palikuwa na Sultani Zahoro, na tumbo lake lilijaa minyoo. Lakini neno hilo halikutamkwa barazani. Matabibu waliwaita "wageni wa heshima", wakawalisha lulu iliyosagwa na unga wa dhahabu, na wageni wakazidi kunawiri. Sultani alipojishika tumbo, mawaziri nao walijishika yao, kwa adabu.

Ikawa ikasikika kwamba Chande, mchimba visima asiye na kanzu ya pili, huwaponya watoto wa mtaani kwake kwa mbegu za papai. Akaitwa.

"Mbegu hizo hutoka wapi?" akauliza Sultani.

"Udongoni, seyyidi yangu. Na mpapai hupenda penye samadi."

Mawaziri wakaziba pua.

"Mimi nile samadi? Niletee dawa isiyotokana na udongo! Kesho jua likitua sijaipata, kichwa chako si chako."

Chande akahisi shingo yake imekuwa nyembamba. Akainama. "Nimesikia, seyyidi. Ila dawa safi namna hiyo haikai na uchafu tumboni. Basi tangu sasa usile chochote kilichotokana na udongo."

"Hilo tu? Jambo dogo."

Asubuhi ukaja wali. "Mpunga huota matopeni," akasema Chande, ukarudishwa. Ikaja nyama. "Mbuzi huyu alikula majani." Tende, mkate, halua, vyote vikarudi jikoni huku vikinukia.

"Samaki je?" akanong'ona waziri mkuu.

"Hata bahari imekalia matope, bwana waziri."

Hata maji yakakataliwa. "Kisima hicho nilikichimba mwenyewe, nakijua."

Alasiri Sultani alikuwa amelegea. "Ewe Chande, kimebaki nini?"

"Kiti ulichokalia, seyyidi. Lakini nacho ni mpingo."

Sultani akakipapasa kiti. "Basi lete huo udongo wako."

Akapewa mbegu zilizosagwa, zikachanganywa na asali. Kulipokucha wageni wote walikuwa wametoka, naye akala sahani tatu za wali bila kuuliza umeota wapi.

"Sema kweli, Chande. Ulitaka kuniua kwa njaa?"

"La, seyyidi. Mbegu hizi hutaka tumbo tupu, nami sikumwona barazani mtu wa kumwambia Sultani asile."

Sultani akacheka hadi kilemba kikamponyoka. Akampa Chande shamba la mipapai na samadi yote ya farasi wake, na tabibu mkuu akaamriwa kuibeba.