Maji Yenye Haraka

Wewe hapo, ulishawahi kuulizwa jambo ukajifanya unakohoa? Basi kohoa sasa, umalize. Paukwa!

Pakawa, tumeshaketi.

Zamani, milima ilipokuwa bado haina majina, palikuwa na kijiji juu mno, hata mawingu yaliingia kwa mlango wa mbele, yakajilaza kitandani kidogo, yakatokea uani. Ukimwita mtu, sauti ilimfikia imelowa.

Huko bibi harusi alipimwa kwa chungu cha maharage makavu. Yasipolainika kabla ya jua kuzama, anarudishwa kwao.

Namkunda, mwali kutoka bondeni, akainjika. Tokoto, tokoto, tokoto. Maji yakachemka mapema ajabu. Mvuke ukapanda, ukajiunga na mawingu. Akaongeza maji, akaongeza kuni. Tokoto, tokoto. Jua likainama. Akaonja harage: kokoto.

"Hujui kupika," akasema mama mkwe wake, Mama Kiondo. "Yangu mimi yalikuwa uji. Funga mzigo."

Bibi Nambua, mkongwe wa kijiji, akachungulia chunguni. "Maji ya huku yana haraka. Chini, hewa ni nzito, inayakalia kama mfuniko, yanangoja moto uyakolee. Huku hewa ni nyepesi. Yanaruka mapema, yanaacha maharage mabichi."

"Mbona yangu yaliiva?"

"Sijui. Yangu hayakuiva. Bahati yangu mkwe hakuwa na meno, alimeza, akasifu."

Watu wakacheka. Mama Kiondo hakucheka.

Asubuhi wakashuka wote, kuyapima maneno ya mkongwe. Chungu kilekile, kuni zilezile, maharage ya gunia lilelile. Wakashuka, wakashuka, mawingu yakabaki juu kama dari. Kando ya kijito wakakuta mafiga matatu, yameota ukungu, na chini ya ukungu masizi.

"Nani alipika huku porini?" Kiondo, bwana harusi, akauliza.

Mama yake akatazama kijito.

Namkunda akainjika. Maji yakakawia, yakakawia, kisha tokoto, tokoto. Mchana maharage yakapondeka kwa kidole.

"Mnaona," akasema Bibi Nambua. "Chungu kupiga kelele si kupika. Na watu ni hivyohivyo."

Namkunda akampakulia mama mkwe wake kwanza.

Ngano yangu inaketi hapa, kwenye majivu, pale Mama Kiondo alipomeza, akafuta mdomo, akamwambia Namkunda:

"Mwanangu, turudi nyumbani kwetu. Mafiga haya niliyapanga mimi, mwaka ule nilioolewa."