Moto wa Bi Nyevu

Anayetafuna amalize kwanza, nisije nikawapaliza. Mmemaliza? Haya. Na hili sikuhadithiwa na mtu, nilikuwepo.

Kwetu ni tambarare, kilima kirefu kuliko vyote ni kichuguu. Hapo aliishi Bi Nyevu, ajuza wa miaka themanini na mmoja, hana mume wala mtoto. Akiwa na miaka mitatu alipotea sokoni, mbali huko katika nchi ya milima, wachuuzi wa chumvi wakamwokota wakaja naye kwetu. Siku moja akatuambia, "Wajukuu zangu, nataka nikakanyage kwa mama kabla sijafa." Lo! Sisi kikundi cha ngoma, watu kumi na wanne, tukasema twende sote, tupande milima na tujionee mila za watu. Kuipanga safari tukawaachia watatu, mayatima aliowalea Bibi mwenyewe, na kila mmoja alijaliwa lake.

Mbodze alijaliwa kuuliza. Huuliza mpaka unamkimbia. Bibi alikumbuka jambo moja tu la kwao: ukikaa mlangoni, maporomoko ya maji unayasikia kwa sikio la kushoto. Basi! Kwa hilo tu Mbodze aliandika barua miaka miwili, kwa mapadri, kwa walimu, kwa wenye maduka ya mlimani, mpaka jibu likaja: "Kijiji hicho ni chetu, na mtoto wetu aliyepotea tunamngoja." Nywele zilinisimama.

Sidi alijaliwa nguvu na ukali. "Mtapanda mlima kwa miguu hii ya bata?" Mlima hatuna, akatupeleka kwenye ngazi za ghorofa ya shule. Miezi mitatu, kila alfajiri, tunapanda tunashuka, Bi Nyevu mbele na bakora yake. Watu walikuja na viti vyao kutucheka. Na tulipofika mlimani kwenyewe, pumzi zikamwishia Bibi, Sidi akambeba mgongoni tangu asubuhi hadi jua la utosi, wala hakukubali apokewe.

Changawa alijaliwa kusikiliza. Sisi tukihangaikia masweta, yeye alikaa na muuza mablanketi mmoja wa huko, akajifunza lugha yao na adabu zao. Tulimtania, "Unataka kuoa huko, nini?"

Basi tukafika. Langoni hakuna mtu. Kwa furaha tukafanya kama tulivyolelewa: "Hodi! Hodi wenyewe!" Nami nilikuwa wa kwanza, tena kwa sauti ya juu.

Mayowe! Kijiji kizima kikaangua kilio. Wazee wakajitupa chini, na kina mama wawili wakatoka mbio na mitungi ya maji. Niliganda. Nimefanya nini mimi?

"Mmeua!" Changawa, ndiyo kwanza anatufikia kutoka nyuma, akapiga kelele. "Huku anayeita langoni ameleta habari ya msiba! Wanadhani Bibi amefia njiani. Wanakwenda kuuzima moto wake!"

Moto gani? Jamani, jishikeni. Ni moto wa jiko la mama yake Bi Nyevu! Mila ya pale, mtoto akipotea, moto wa nyumba yao hauzimwi mpaka arudi au ijulikane amekufa. Mama mtu alipofariki, majirani wakapokezana kuuchochea. Miaka sabini na minane! Mimi moto wa kuchemshia chai tu hunishinda.

Changawa aliwapita mbio wale kina mama, akajitupa mbele ya mafiga. Mtungi wa kwanza ukamwishia yeye mwilini. Wa pili ukafika motoni. "Yu hai!" akalia kwa lugha yao. "Yu hai, yuko langoni!" Wakasimama. Jikoni lilikuwa limebaki kaa moja jekundu.

Bibi akaingizwa ndani. Alipopita mlangoni alisimama, akatega sikio la kushoto, akalia kama mtoto. Tulilia sote.

Mkuu wa kijiji, mama mmoja mfupi, akampa ukuni. Changawa akatufasiria: "Anasema ukuni huu hushikwa na mikono miwili tu, wa aliyepotea na wa aliyemrudisha. Huyo aliyemrudisha anakuwa mtoto wake, na moto anaurithi. Bibi akiutia peke yake, siku atakayokufa moto utazimwa."

Mtoto! Bibi asiyezaa, na watatu wasio na mama!

"Bila barua zangu mngepanda mlima upi?" Mbodze akasema, machozi yanamtoka.

"Barua ilimbeba Bibi?" Sidi akamrukia. "Ni mgongo wangu huu!"

Changawa alikuwa anachuruzika maji, meno yanagongana. "Na mngefika mkute majivu," akasema.

Bibi aliwatazama mmoja mmoja, ukuni mkononi, akashindwa. Kisha, Mungu wangu, akanigeukia mimi. "Wewe uliyepiga hodi, niamulie. Nikimtaja mmoja, nimewatupa wawili niliowalea."

Nikatazama mafigani. Kaa lilikuwa limeanza kuwa jeusi pembeni.

Haya, nyinyi mliokaa hapo na macho yamewatoka. Upande mmoja wa ukuni ameshika Bibi. Mngeuweka mkono wa nani upande wa pili? Semeni upesi, kaa halingoji.