Kiwanja cha Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba kama sisi, wakiazimana chumvi na kugombania mipaka, palikuwa na kijiji kimoja chini ya vilima. Na wewe unayetafuna muwa pale nyuma, tafuna polepole, maana kuna mahali nitanong'ona.

Katika kijiji hicho walihamia Bwana Digidigi na mkewe. Mnamjua digidigi? Ni yule paa mdogo, mdogo kabisa, miguu kama vijiti vya ufagio. Bi Digidigi alikuwa mjamzito, tumbo limemtangulia mbele, na masika yalikuwa yanabisha hodi.

Jumbe wa kijiji alikuwa Kakakuona, mwenye magamba mwili mzima. Alikuwa jumbe mwema, ila mwoga wa kelele. Watu wakipaza sauti mbele yake, yeye hujikunja, kruu, akawa kama mpira, na kesi husimama mpaka ajikunjue.

Jumbe akawapa kipande cha ardhi. "Ni chenu," akasema. "Lakini sharti la hapa mnalijua? Ardhi ya kichaka isafishwe, isawazishwe, na nguzo ya kwanza isimame kabla ya tone la kwanza la masika. Mvua ikikuta kichaka, ardhi inarudi kwa jirani."

Na jirani alikuwa nani? Nyati! Nyati alikipenda sana kipande kile. Mvua ikinyesha kilikuwa na tope zuri, na yeye mtu wa kulala topeni.

Wakaenda kukiona. Mama wee! Visiki kila mahali. Mabonde huku, mabonde kule. Na katikati pana kichuguu kikubwa kuliko nyumba ya Jumbe mwenyewe.

Bwana Digidigi akashika kisiki kimoja, akavuta. Hata hakikutikisika. Akavuta tena, akaanguka matako chini, puu!

"Mke wangu," akasema, "mtoto wetu atazaliwa mvuani."

"Nyamaza," akasema mkewe. "Nenda kwa majirani ukaombe ujima."

Ujima, wanangu, ndio ule utaratibu wa kuitana. Mwenye kazi anapika togwa tamu, majirani wanakuja na nguvu zao, wanafanya kazi, wanakunywa, wanarudi kwao. Ukishakunywa togwa ya mwenye kazi, huna madai mengine. Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu.

Bwana Digidigi akaenda kwa Tembo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo? Ongea kwa nguvu, uko chini mno."

"Mimi Digidigi, mzee. Naomba msaada wa kung'oa visiki, tujenge nyumba."

Tembo akacheka mpaka masikio yakampiga mashavuni, paa, paa! "Mimi? Mimi niinamishe mkonga kwa nyumba ya digidigi? Jifunikeni jani la mgomba, litawatosha na jikoni pakabaki!"

Akaenda kwa Kifaru. Kifaru macho yake hayaoni mbali, lakini kiburi kilikuwa kinaona mpaka ng'ambo. "Pembe hii," akasema, "haichimbi vichuguu vya watu wadogo. Toka!"

Akaenda kwa Nyati, maana ujirani ni ujirani. Nyati hata hakusimama. "Nisawazishe ardhi ambayo wiki hii itakuwa yangu?" akasema. "Hebu tazama kule." Digidigi akatazama. Mawingu meusi yalikuwa yamekaa juu ya vilima. "Nenda kamwambie mkeo aanze kufunga mizigo."

Bwana Digidigi akarudi nyumbani machozi yanamlengalenga. Akasimulia yote.

"Uliwaambia ni kazi?" akauliza mkewe.

"Niliwaambia ni kazi. Kwani si kazi?"

"Aka, baba! Wakubwa hawaitwi kazini. Wataona haya." Bi Digidigi akatembea huku na huku, akifikiri. "Wewe kaa hapa, pika togwa. Pika nyingi. Mimi naenda mtoni."

Mtoni ndiko walikokutana wanyama wote kunywa maji. Bi Digidigi akafika, tumbo mbele, akaanza kuteka maji huku akijisemea, lakini kwa sauti ya kusikika.

"Loo, na kiwanja hiki! Keshokutwa kiwanja, na togwa bado haijapoa!"

Sikio la Tembo likasimama. "Umesema kiwanja?"

"Ndiyo, mzee. Keshokutwa tunatengeneza kiwanja pale kwetu. Togwa ipo."

"Kiwanja!" Tembo akawageukia wenzake. "Jamani, kuna ngoma!"

Sasa hapa ndipo ninaponong'ona. Kiwanja ni nini, wanangu? Pahali pa kujenga nyumba ni kiwanja. Na pahali pa kuchezea ngoma? Ni kiwanja pia! Bi Digidigi alisema lipi? Alisema kiwanja, basi. Neno ngoma lilitoka kinywani mwa Tembo. Lishikeni hilo, litawafaa mbele.

"Ngoma?" Kifaru akakurupuka majini, chubwi! "Hakuna anayecheza kunishinda!"

"Wewe?" akasema Tembo. "Wewe unayegonga miti ukicheza?"

"Na wewe unayetetemesha matako tu, miguu imelala?"

Nyati alikuwa pembeni akisikiliza. Alijisemea moyoni, hawa wanataka kufanya ngoma ya kuiaga ardhi yangu. Acha nikanywe togwa yao, kisha niwacheke vizuri.

"Lakini, wazee wangu," akasema Bi Digidigi kwa upole, "nasikitika. Kiwanja chenyewe kina visiki, kina kichuguu. Sijui kama mtaweza kuweka miguu."

"Visiki!" akasema Tembo. "Kisiki ni kitu kwangu?"

"Mie sijui, mzee," akasema Bi Digidigi, akajitwisha mtungi wake, akaenda zake.

Keshokutwa ikafika. Jua halijapanda vizuri, Tembo huyo! Amejipaka udongo mwekundu, amevaa njuga miguuni. Chaka, chaka, chaka! Akatia mguu wa kwanza uwanjani, akajikwaa.

"Ai! Dole gumba langu! Ndiyo kiwanja hiki? Nitachezaje mimi na miguu hii?"

"Nilisema, mzee," akajibu Bi Digidigi.

"Sogeeni!" Tembo akazungusha mkonga, akavuta kisiki. Ng'waa! Kikatoka na mizizi yake. Akakitupa mbali, akashika kingine. Ng'waa! Na kingine. Ng'waa! Kila akitupa kisiki anajaribu hatua mbili tatu za ngoma, anaona pamebana, anang'oa tena. Bwana Digidigi alikuwa akiviburuta vile vidogo kwenda kuvifanya kuni.

Kifaru akafika, njuga zake zinalia kuliko za Tembo. Akakodoa macho.

"Nani yule mnene aliyesimama katikati?"

"Si mtu, bwana," akasema Bi Digidigi. "Ni kichuguu."

"Kichuguu? Kisimame katikati ya kiwanja, mimi nicheze nyuma yake nisionekane? Ebo!" Kifaru akarudi nyuma, akainamisha pembe, akaja mbio. Gubu! Vumbi likapanda mpaka mawinguni. Akarudi tena. Gubu! Kichuguu chote kikalala chini, vipande vipande.

"Asante, bwana," akasema Bi Digidigi. "Usiache mabonge, utateleza."

"Mimi niteleze?" Kifaru akayasaga yale mabonge kwa kwato, akayasambaza kiwanja kizima.

Na waulizeni mama zenu, udongo wa kichuguu ni udongo gani? Ni ule wa kupiga sakafu. Ukiumwagia maji na kuushindilia, hushikana ukawa mgumu kama sahani.

Bi Digidigi akaja na mtungi, akanyunyiza maji, nyunyu, nyunyu.

"Maji ya nini?" akauliza Tembo.

"Vumbi, mzee. Litawaingia puani."

"Mtoto mwenye adabu huyu," akasema Tembo. Akatazama huku na huku. "Lakini kuna kasoro. Kwetu ngoma huzungukwa. Nguzo iko wapi?"

Bwana Digidigi alitaka kujibu, mkewe akamkanyaga mguu.

"Hatuna nguzo, mzee," akasema. "Sisi ni wadogo, tutaibeba na nini?"

Tembo akacheka kwa dharau. Akaenda porini, akarudi na gogo refu la mninga, akalinyanyua juu. "Nisimike wapi?"

"Hapo katikati. Sogeza kidogo kwangu. Kidogo tena. Hapohapo, mzee!"

Ndu! Gogo likaingia ardhini, likasimama wima.

Mara Nyati naye huyo, anakuja kwa madaha. Bi Digidigi akampokea kwa magoti. "Karibu, jirani. Togwa hii." Nyati akanywa kibuyu kizima, akajilamba midomo. "Tamu," akasema. "Nitaikumbuka nikilala topeni."

Ngoma ikaanza. Bwana Digidigi akapiga debe, ti-ti-ti, mkewe akaimba:

*Shindilia, miguu, shindilia!*

Ndi! Ndi! wakaitikia wakubwa kwa miguu.

*Udongo ushikane, ushikane!*

Ndi! Ndi!

*Kulia pamelala, kushoto bado!*

Wote wakahamia kushoto. Ndi! Ndi! Nyati alisimama kando akijizuia. Akaanza kutikisa kichwa. Akaanza kutikisa bega. Kifaru akamwambia, "Wewe huwezi, kaa tu." Nyati huyo, katikati! Na hakuna aliyekanyaga kwa nguvu kama yeye siku ile. Kwato zake zilikuwa zinapiga kama mchi.

*Pale jikoni pana bonde, pale jikoni!*

"Jikoni gani?" akauliza Kifaru, anahema.

"Ndivyo wimbo wa kwetu unavyokwenda, bwana. Cheza!"

Wakacheza pale penye bonde mpaka bonde likaisha.

Bi Digidigi alikuwa na kicheko kimemjaa mpaka kooni. Akitoa sauti tu, wangeshtuka. Akakizuia mdomoni, kikapanda puani, pua ikawa inacheza yenyewe, tiki-tiki-tiki.

Radi ikapiga. Gurrr! Tone la kwanza likaanguka juu ya pembe ya Nyati. To!

"Mvua!" Nyati akaruka. "Mvua hiyo! Ardhi ni yangu! Mwiteni Jumbe!"

Jumbe Kakakuona alikuwa njiani tayari, maana ndiyo kazi yake kukagua siku ya tone la kwanza. Akafika, jani la mgomba kichwani. Akatazama. Hakuna kisiki. Hakuna bonde. Chini sakafu imeng'aa, nyekundu, ngumu. Katikati imesimama nguzo.

"Ala!" akasema. "Kichuguu changu kiko wapi? Kile kilikuwa na mchwa watamu sana." Akameza mate. "Haya, si kitu. Kiwanja kimesafishwa, kimesawazishwa, nguzo imesimama. Digidigi, ardhi ni yenu."

"Haiwezekaniii!" akanguruma Nyati.

Kruu! Jumbe akajikunja. Wakasimama mvuani wakingoja. Baada ya kitambo macho mawili yakachungulia kati ya magamba.

"Semeni taratibu," akasema Jumbe.

Nyati akasema kwa kunong'ona, amekunja uso: "Jumbe, wao hawakusafisha kitu. Tumesafisha sisi! Wametudanganya kwa ngoma."

"Bibi, uliwaita kwenye ngoma?"

"Hapana, Jumbe. Nilisema natengeneza kiwanja. Waulize wao."

Jumbe akamgeukia Tembo. Tembo akakuna sikio. "Kwa kweli... alisema kiwanja. Ngoma nilisema mimi."

"Basi nijibuni. Mlichokuwa mnafanya hapa ilikuwa kazi, au mlikuwa mnacheza?"

Mvua ikadondoka, to, to, to. Vichaka vya kando vilikuwa vimejaa wanyama wadogo waliokuja kutazama, sungura, kanga, panya. Tembo akawaona wote. Akajinyoosha.

"Kazi? Mimi Tembo nimfanyie kazi digidigi? Nilikuwa nacheza!"

"Hata mimi!" akasema Kifaru. "Na nimecheza kumshinda huyu!"

"Aliyecheza hana ardhi," akasema Jumbe. "Na wewe, Nyati?"

Nyati hakuwa mjinga hivyo. "Mimi nilifanya kazi!" akasema upesi. "Nimesawazisha kwa kwato zangu mwenyewe. Nina haki yangu!"

Bi Digidigi moyo ukamruka. Akashika tumbo lake.

"Vizuri," akasema Jumbe. "Umefanya kazi kwenye kiwanja cha jirani. Huo ni ujima. Na togwa, je? Ulikunywa?"

Nyati akafuta mdomo upesi. Lakini togwa ilikuwa bado imeganda kwenye ndevu zake, nyeupe, kila mtu anaiona.

"Kibuyu kizima!" akapaza sauti Bwana Digidigi, yule aliyekuwa akilia juzi. Kisha akaona Jumbe anaanza kujikunja, akanong'ona, "Samahani. Kibuyu kizima."

"Basi umekwishalipwa, jirani. Nenda salama."

Hapo Bi Digidigi hakuweza tena. Kicheko kilipasuka, kikamwangusha chini ya nguzo yake. Wadogo wote wakacheka. Tembo akajitazama njuga miguuni, akatazama ile sakafu, na yeye akaanza kucheka mpaka masikio yakampiga mashavuni. Kifaru akauliza wanacheka nini, wakamweleza mara tatu.

Nyumba ikajengwa, ndogo, yenye nguzo nene kuliko nyumba yoyote kijijini. Mtoto akazaliwa pakavu, paa linalia mvua juu yake. Na tangu siku ile digidigi hawezi kutuliza pua. Mkimwona inamcheza tiki-tiki, mjue anazuia kicheko.

Hadithi nimeilaza juu ya sakafu hiyo, aamshaye aichukue, na neno lake ni hili: anayeona kazi ni aibu ataifanya akidhani ni ngoma.