Tela Lililoachia Yadini

Wapendwa, leo sihubiri mbali. Nahubiri mambo ya barabarani kwetu hapa, kwa hiyo ninyi wa viti vya nyuma mnaonukia dizeli, sogeeni mbele. Neno ni lenu.

Palikuwa na dada mmoja dereva. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa lori katika yadi yao, tena si kigari kidogo cha kirikuu. Semi, kichwa na tela! Tajiri wake, mzee mwenye malori, alimwambia waziwazi: "Binti, safari hii ya kwanza ndiyo mtihani wako. Ukiharibu, funguo utazirudisha." Madereva wenzake wakajipanga ukutani na vikombe vya chai. Mnadhani walikuja kumwombea?

Mnajua jinsi kichwa na tela vinavyoshikana. Kuna ile sahani ya chuma mgongoni mwa kichwa, ina taya katikati. Pini ya tela ikiingia, taya zinafunga. Basi. Mzigo wote ule unashikwa hapo. Yule dada akaipangusa sahani, akakwangua grisi ya zamani iliyojaa mchanga, akapaka mpya kwa mkono wake, akachungulia taya kama hazijalika. Kisha akarudi nyuma taratibu mpaka chuma kikalia ka! Mwingine hapo angeshapiga honi aondoke. Yeye akaliacha tela limefunga breki, miguu yake ya chuma ya kusimamia bado iko chini, akatia gia, akavuta.

Wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Dada, unavuta kitu kilichofunga breki? Nani amekufundisha udereva?"

"Kaka zangu, kama ni kukataa, nataka likatae hapahapa," akajibu.

Na likakataa! Aliyeliegesha tela lile aliliacha limeinuka mno, pini ikapita juu ya taya. Kichwa kikachomoka, tela likabaki limesimama kwa miguu yake mbele ya macho yao. Kikapigwa kicheko mpaka chai ikamwagika. "Tulisema sisi! Mzee, mnyang'anye funguo!"

Mzee akaja mwenyewe. "Binti, umeona aibu?"

"Hapana, mzee. Naona fahari. Lingeniachia kwenye mteremko wa Kitonga, limeniachia hapa."

Akalishusha tela kidogo, akarudi nyuma tena, akavuta tena. Safari hii kichwa kikaguna pale pale, hakikutoka. Akalala chini na tochi, akaziona taya zimeikumbatia pini sawasawa.

Mzee akawageukia wale wa ukutani. "Miaka yote mnajisifu kwamba hakuna tela lililowahi kuwaachia humu yadini. Ni kweli kabisa. Matela yenu huwa naenda kuyaokota korongoni. Funguo ni za huyu."

Haya, mmecheka, na dada mmempenda. Sasa na mimi nivute kidogo.

Kuna wachumba wawili wa kanisa hili. Siwataji, maana ninyi mmeshawataja vya kutosha. Walikaa wakaulizana maswali magumu, ambayo si yenu kuyajua, wakaona hawajashikana. Wakaahirisha harusi, na kadi zimeshagawiwa. Sisi tulifanya nini? Je, tulipiga magoti? Tulisimama ukutani! "Aibu gani hii! Na ukumbi umeshapambwa!"

Aibu? Mimi najivunia kuwa mchungaji wao, na nayasema haya madhabahuni nikiwa na akili zangu timamu. Vijana wangu wamevuta mapema, miguu iko chini, hakuna aliyeumia. Wakirudi kwangu wameshikana, nitawafungisha ndoa kwa furaha. Wakirudi kusema haiwezekani, vilevile nitawakumbatia na nitajivuna. Imani isiyoogopa kujaribiwa ndiyo hiyo, ndugu zangu, na ninyi mliilea wenyewe humu ndani bila kujua.

Ila sisi tuliofunga ndoa tarehe ileile ya kwenye kadi, kwa matarumbeta na msafara wa magari, tusijisifu kwamba haikuachia. Leo tukifika nyumbani, kabla ya chakula, mume na mke watazamane usoni waulizane: ya kwetu, tuliivuta lini?

Semeni amina.

Mbona amina ya leo imekuwa ndogo hivyo?