Siku Sanduku Alipofungiwa na Waliomcheka

Paukwa!

Mbona kimya? Nimesema paukwa, au leo hamjala?

Pakawa!

Haya, hiyo ndiyo sauti. Bi Mize umeitikia kama kuku aliyemwagiwa maji, lakini tunakupokea hivyo hivyo. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na wewe Kombo funga mdomo kabla nzi hajapanga chumba humo. Mimi shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Ila habari za mwambani, wenye vyeti vyao hukaa chini wakanisikiliza. Kama nyie leo.

Hapo zamani za kale, bahari ingali mpya, palikuwa na mwamba. Ndani ya mwamba palikuwa na kidimbwi. Na ndani ya kidimbwi palikuwa na ngoma.

Ngoma hiyo ilipigwa kila bamvua, siku zile maji yanapojaa sana kisha yakapwa sana. Maji yakijaa, samaki wanaingia kidimbwini. Wanacheza, wanacheza, wanacheza. Maji yakianza kushuka, wanatoka mmoja mmoja kwa mlango mwembamba uliotoboka kwenye tumbawe. Mlango ni huo huo mmoja. Ukichelewa, umebaki.

Sasa, mwambani hapo aliishi samaki anaitwa Sanduku. Wa manjano, madoa meusi, umbo lake kama kipande cha sabuni ya kufulia. Wenzake wana magamba laini. Yeye kavaa mabamba ya mfupa, kila bamba pembe sita, yameshonana kama sega la nyuki. Vilivyotokeza nje ni macho, mapezi, mkia, na mdomo mdogo kama tundu la kifungo. Basi. Akiogelea, mapezi yanapepea pe-pe-pe-pe, na mwili umekaa vilevile, kama mzigo uliojipeleka wenyewe.

Kula yake ilikuwa ya adabu. Anainama juu ya mchanga, anapuliza maji, puu. Mchanga unaruka. Puu. Mnyoo unatokeza. Nyam. Hana ugomvi na mtu.

Ila kiuno hakuwa nacho, na ngoma ile ilikuwa ya kiuno.

Pono ndiye aliyemwandama. Pono mnamjua, yule wa rangi rangi, mwenye meno kama koleo, kutwa anatafuna mawe: kwaru, kwaru, kwaru. Kila bamvua Pono alimwimbia:

Sanduku, Sanduku,
tikisa tuone.
Kiuno umekiweka wapi,
au umemwazima jirani?

Na kidimbwi kizima kinacheka. Bi Tasi anacheka mpaka miiba ya mgongoni inamsimama. Dagaa wanacheka bila kujua wanacheka nini.

Wimbo wa tatu ukiisha, kila mara, Sanduku aliaga na kutoka zake.

"Mbona unakimbia, shemeji?" Pono alimuuliza. "Umeacha chungu jikoni?"

"Bibi yangu aliniusia," Sanduku alisema. "Nisikae kwenye maji yaliyofungwa."

"Kwa nini?"

"Aliniusia tu."

Hakusema zaidi. Hilo lilikuwa kosa lake, nami simfichi. Mtu mwenye jambo zito akilimeza, wenzake watalikanyaga.

Bamvua iliyofuata, Pono akapata akili. Akili ya Pono, lakini. Akamega bonge la tumbawe, kwaru, akalisukuma, akauziba nalo mlango. Akamnong'oneza Bi Tasi, "Leo tuone Sanduku atatokea wapi. Akishaanza kulia, nitaling'oa."

Wimbo wa tatu ukaisha. Sanduku akaenda mlangoni, pe-pe-pe-pe. Kumezibwa. Akageuka polepole, maana hata kugeuka kwake ni safari. Akajaribu ubavu. Ko. Akajaribu kichwa. Ko. Kidimbwi kikalipuka kwa kicheko.

Wakacheka. Wakacheka. Na maji nayo yakashuka. Yakashuka.

Pono alipokwenda kuling'oa bonge lake, lilikuwa limekaa juu ya maji, kavu, linaota jua. Samaki gani anang'oa jiwe kwenye hewa? Kicheko kikakatika kama uzi.

Kisha kutoka kwenye shimo la kiza, chini kabisa ya kidimbwi, ikaja sauti nzito. "Salaam aleikum, jamani."

Alikuwa Chewa. Mdomo kama mlango wa ghala. Naye alilala huko tangu alfajiri, ngoma imempitia juu.

"Sijui nani kaniandalia karamu hii," Chewa akasema, "lakini mikono yake isipungue baraka."

Bi Tasi akajibana ukutani. Dagaa wakawa kitu kimoja. Na Pono, rafiki wa watu, akasema upesi upesi, "Mzee Chewa, anza na Sanduku. Mnene, na hakimbii."

Mmemsikia? Ndiyo, huyo huyo aliyeziba mlango.

Chewa akafungua mdomo. Sanduku akaanza kutetemeka. Na alipotetemeka, ngozi yake ikatoa povu jembamba, jeupe, kama la sabuni. Kidagaa mmoja aliyekuwa karibu akaligusa. Akapepesuka. Akapinduka tumbo juu.

"Rudi nyuma, Mzee Chewa," Sanduku akasema. "Nakuomba. Mimi nikiogopa natoka jasho, na jasho langu ni sumu. Kwenye bahari ya wazi mkondo unaibeba. Hapa haina pa kwenda. Itakuua wewe, itawaua hawa, kisha itanirudia mimi mwenyewe. Ndio wosia wa bibi yangu."

Mdomo wa Chewa ukafungika taratibu, kama duka wakati wa swala.

"Mwanangu," akasema Chewa, "nani amesema nina njaa?"

Basi kazi ikawa moja: Sanduku atulie mpaka maji yarudi. Saa nyingi. Jua linawaka, maji yanapata moto, na roho za wote zimekaa juu ya ngozi ya samaki mmoja.

Chewa akajaribu kumbembeleza kwa ile sauti yake nzito. Povu likaongezeka. "Nyamaza, baba, unamtisha," Bi Tasi akasema. Bi Tasi naye akajaribu kumsifu. "Sanduku mzuri, Sanduku wa dhahabu, sote tunakupenda." Povu likaongezeka tena. Sifa ya uongo inatisha kuliko meno, hilo hata darasa la tano wanalijua.

Wote wakamtazama Pono.

Pono akatazama chini. Akasema, "Sanduku, nyie huwa mnasema fulani ana usingizi wa pono. Unajua ninavyolala?"

"Sijui."

"Natoa makamasi mdomoni, najifunika gubigubi, kama chandarua. Asubuhi naamka humo, nimenata."

Sanduku akamtazama.

"Na mchanga huu mweupe unaoupuliza kila siku, unajua unatoka wapi? Mimi natafuna mawe. Jiwe likiingia huku, mchanga unatokea kule."

"Kule wapi?"

"Kule, bwana. Usinitaabishe."

Sanduku akatazama mchanga. Akakumbuka milo yake yote, puu, nyam, puu, nyam. Akaanza kucheka. Alicheka kama anavyoweza, mapezi tu, pe-pe-pe-pe. Povu likapungua. Kidagaa akapindukia upande wa sawa, akauliza ngoma imefika wimbo wa ngapi.

Halafu Sanduku akaacha kucheka. "Nani aliziba mlango?"

Loo. Bi Tasi akafumba macho. Chewa akarudi nyuma, shimoni. Pono angesema ni wimbi. Angesema ni kaa. Nani angebisha?

"Ni mimi," Pono akasema. "Nilitaka ulie, watu wacheke. Na Chewa alipokuja, nilikutoa wewe. Nisamehe, ndugu yangu."

Wote wakaitazama ngozi ya Sanduku. Wakangoja povu.

Halikuja.

"Nilijua," Sanduku akasema. "Bonge lina alama za meno yako. Kilichokuwa kinanitoa jasho si Chewa peke yake. Ni kufungiwa na mtu nisiyejua atasema nini. Sasa najua. Njoo ukae hapa."

Pono akaenda akakaa ubavuni pake. Maji ni haba, jua ni kali, wakakaa. Na Bi Tasi, ili saa ziende, akaimba, safari hii hivi:

Sanduku, Sanduku,
tulia tuishi.
Kiuno tutakuazima,
sumu kaa nayo.

Sanduku akacheka tena, na wimbo akaudaka.

Wakiimba hivyo, mara sauti kwa mbali, shhhh. Kisha karibu, shhhh. Wimbi likapanda juu ya mwamba, likalipiga lile bonge, pwaa, likalitoa mlangoni. Maji yakaingia ya baridi, matamu kama ya mtungini.

Hakuna aliyekimbilia mlango. Hata Chewa. Walisimama pembeni wote, Sanduku akapita wa kwanza, polepole, pe-pe-pe-pe, na hakuna aliyemharakisha.

Tangu siku hiyo, ngoma ya kidimbwi kile ina desturi. Wimbo wa tatu ukiisha, Pono mwenyewe anasimama anauliza, "Sanduku ametoka?" Asipojibiwa, ngoma haiendelei. Na Chewa, akikutana na Sanduku mpaka leo, hufungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

Funzo lake ni hili, na Kombo nakutazama wewe: mtanie mwenzio, lakini usimfungie mlango, maana hujui nani mwingine umejifungia naye. Na ukishakosa, sema. Ukweli mchungu hutuliza kuliko sifa tamu.

Hadithi yangu imepwea hapo. Aliyeipenda aichukue akawasimulie wa nyumbani, aseme kaipata kwangu. Asiyeipenda atunge yake, tumcheke.