Mbayuwayu, Tumbusi na Tawi la Marubani

Hadithi inapaa!

— Ipae tuione!

Itue wapi?

— Masikioni mwetu!

Haya, kaeni vizuri, maana hii ni hadithi ya marubani, na rubani hapendi abiria anayesimama simama.

Hapo kale, panya hakuvuka bonde kwa miguu. Bonde lilikuwa refu, kuta zake wima, na chini kulikuwa na mto wenye mamba wasiojua mzaha. Panya aliingia kwenye kikapu, rubani akashika mpini kwa kucha, akapaa. Fyuuu! Ng'ambo. Wewe wa nyuma unayetaka kujua mbayuwayu anawezaje kumbeba panya, nyamaza. Hadithi ni yangu, panya ni wangu, na kikapu nimekisuka mwenyewe.

Kampuni za usafiri zilikuwa mbili. Upande huu kulikuwa na Bondeni, mali ya Kifaru, na marubani wake walikuwa mbayuwayu, chiriku na njiwa. Upande wa pili kulikuwa na Mlimani, mali ya Kiboko, na marubani wake walikuwa tumbusi watupu, wengi, wanene, vipara vinang'aa.

Kila kampuni ilikuwa na tawi lake. Marubani walikaa juu ya tawi kwa kufuata nani alianza kazi lini. Aliyetangulia alikaa karibu na shina. Aliyeajiriwa jana alikaa nchani, pale tawi linapoyumba. Wa shinani alichagua safari kwanza. Wa nchani alichukua iliyobaki, nayo siku zote ilikuwa ile ya saa nane mchana, upepo unapovuma mpaka abiria wanatapika. Kiangazi kikija na abiria wakipungua, mwenye kampuni alikata tawi kuanzia nchani. Kach! Waliokuwa wamekaa hapo, kazi hawana. Na sheria ya anga ilikuwa moja kwa wote: rubani akitimiza masika sitini angani, macho yamechoka. Anashuka chini, hashiki kikapu tena.

Bi Mbayuwayu wa Bondeni alianzia nchani. Akapigwa na upepo, akatapikiwa na panya, akaponea chupuchupu kiangazi baada ya kiangazi. Akasogea. Akasogea. Akasogea, mpaka akafika shinani. Sasa akawa anachukua safari ya alfajiri, na jua likianza kuwa kali yuko kiotani, mdomo umejaa kumbikumbi, makinda yanampigia kelele, chwi chwi chwi! Cheo hakukijali sana. Alichokitaka ni kurudi mapema, basi.

Siku moja Kiboko akainunua Bondeni kwa Kifaru. Akatoa kichwa majini, akasema, "Tangu leo ninyi ni kampuni moja." Bluu, akazama. Kiboko hakupenda hotuba.

Kampuni moja, tawi moja. Tawi moja, chama kimoja cha marubani. Chama kimoja, msemaji mmoja. Wakapiga kura. Kwa kuwa tumbusi walikuwa wengi, akashinda nani? Akashinda Tumbusi mkubwa, yule mwenye shingo nene na sauti ya kutoka tumboni.

"Mimi ni msemaji wenu nyote," akasema Tumbusi. "Wa Mlimani ni wangu, wa Bondeni ni wangu. Sibagui."

Halafu akapanga tawi. Wa Mlimani wote, shinani. Wa Bondeni wote, nchani. Bi Mbayuwayu akajikuta nyuma ya kinda la tumbusi lililoajiriwa juzi, shingoni bado lina malaika, yale manyoya laini ya utotoni, halijui hata upepo unatoka wapi.

"Bwana Msemaji," akasema Mbayuwayu, "huyu mtoto amevuka bonde mara mbili. Mimi nilianza kuvuka mama yake akiwa ndani ya yai."

"Hatukuhesabu miaka. Tumehesabu ukubwa wa mabawa."

"Nani aliamua?"

"Chama."

"Chama ni nani?"

"Ni mimi. Kama una lalamiko, mpelekee msemaji wako."

"Na msemaji wangu ni nani?"

"Ni mimi," akasema Tumbusi, akajikuna kipara.

Mbayuwayu aliumia. Siku hiyo alipewa safari ya saa nane, akarudi giza limeingia, makinda yamelala na njaa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu kinda mdogo hakufungua mdomo hata alipoguswa na kumbikumbi. Na nyasi zilikuwa zimeanza kuwa njano. Kiangazi kilikuwa kinakuja, na panga la Kiboko lingeanzia nchani.

Chiriku akaenda kulalamika. Tumbusi akasema, "Nimelisikia. Nitalifikisha."

Njiwa akaenda kulalamika. Tumbusi akasema, "Nimelisikia. Nitalifikisha."

Alikuwa akilifikisha wapi hawakujua, maana kila walipomtafuta walimkuta anakula.

Mbayuwayu akaenda mtoni kwa Kiboko mwenyewe. Zikatoka pua mbili juu ya maji. "Mambo ya tawi ni ya chama chenu," zikasema pua. "Mkishindwana, mwiteni Kinyonga awasuluhishe. Atakachosema nitakifuata." Bluu.

Kinyonga hakuwahi kuruka maishani mwake. Alichokuwa nacho ni macho: moja hutazama huku, la pili hutazama kule, kwa hiyo hakuna upande uliowahi kusema kwamba hautazamwi. Wakamtumia habari. Akaanza safari. Nyata... akasimama. Nyata... akasimama. Kwa mwendo huo, Mbayuwayu alikuwa na nafasi ya kutosha ya kumtembelea Tumbusi.

"Shikamoo, mzee."

Tumbusi akaacha kutafuna. Hakuzoea kuamkiwa na watu wa Bondeni. "Marahaba."

"Nimekuja kukutahadharisha, mzee wangu. Wenzangu wanataka kumwambia Kinyonga ahesabu miaka ya kazi. Nimewakataza. Nimewaambia, jamani, tutamwaibisha Bwana Msemaji bure. Mwili anao, lakini ni kijana tu."

"Kijana? Nani kijana?"

"Si mimi nisemaye, mzee. Ni maneno ya watu."

"Watu gani?"

"Bondeni kote. Na Mlimani wapo, ila wao wanasema kwa sauti ya chini."

Kipara cha Tumbusi kikawa chekundu. "Basi tutahesabu miaka!"

"Nakuomba usifanye hivyo."

"Tutahesabu miaka, nimesema!"

Mbayuwayu akainamisha kichwa, akaruka zake taratibu, mnyonge kabisa. Alipokata kona ya mwamba akacheka mpaka nusura aanguke.

Kinyonga akafika hatimaye. Akapanda juu ya jiwe, jicho moja Mlimani, jicho moja Bondeni. "Mnataka nihesabu nini?"

"Miaka!" akanguruma Tumbusi kabla hajaulizwa mwingine. "Aliyetangulia kuruka akae shinani."

"Bondeni mnakubali?"

"Tutafanyaje?" akasema Mbayuwayu kwa huzuni. "Tunakubali."

"Haya, anza wewe, Bi Mbayuwayu."

"Mimi nilianza kazi mwaka wa nzige."

Tumbusi akacheka, ho ho ho! "Mwaka wa nzige mimi nilikuwa rubani mzoefu. Ndimi niliyewafundisha wengine kutua." Akawageukia wenzake. "Si mlikuwapo?"

"Tulikuwapo!" wakaitika tumbusi wote, wakapiga mabawa, vuum vuum! Hata lile kinda la juzi likapiga mabawa.

"Ninakubali, mzee," akasema Mbayuwayu. "Lakini hukuwapo mwaka ziwa lilipokauka."

"Nilikuwapo! Nilivusha samaki kwa vikapu, mmoja mmoja, nikawapeleka mtoni. Si mlikuwapo?"

"Tulikuwapo!" Vuum vuum!

"Loh! Kumbe nilikuwa sijui. Basi tuseme yameisha, maana mwaka mlima ulipotoa moshi ndege wa leo hakuna aliyekuwa ameanza kazi."

Hapo angenyamaza, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini Tumbusi alikuwa na tabia moja: akiona kipande kimebaki, lazima akimeze.

"Nilikuwapo!" akapaza sauti. "Niliupita moshi nimefumba macho, abiria hakukohoa hata mmoja! Si mlikuwapo?"

"Tulikuwapo!" Vuum vuum vuum!

Jicho la Kinyonga lililokuwa Bondeni likaanza kuzunguka. Likazunguka polepole, likaja likatua kwa Tumbusi, pamoja na mwenzake. Hakuna aliyewahi kuona macho ya Kinyonga yakitazama kitu kimoja.

"Mlima ulitoa moshi lini?" akauliza.

"Bibi yangu aliambiwa na bibi yake," akasema Njiwa.

"Basi yamepita masika tisini, kwa uchache. Hongera, Bwana Msemaji. Hiyo ni kazi ndefu. Na sheria ya anga inasema rubani anashuka baada ya masika mangapi?"

Mlimani wakatazamana.

"Sitini!" likasema lile kinda la tumbusi, kwa furaha, maana lilikuwa limefundishwa wiki ile ile.

Tumbusi akajikuna kipara. "Mheshimiwa Msuluhishi, labda nilitia chumvi kidogo."

"Sina neno. Kama ulianza baada ya Bi Mbayuwayu, sema, ukakae nyuma yake. Na hawa wote walioitika, waambie kwamba msemaji wao amewashuhudisha uongo mbele yangu."

Tumbusi akawatazama wenzake. Wenzake wakamtazama. Akamtazama Mbayuwayu, ambaye alitosha kwenye kiganja cha mguu wake.

"Mimi," akasema, "sikai nyuma ya mbayuwayu."

"Basi ulikuwapo mlima ulipotoa moshi. Shuka."

Tumbusi akashuka. Puu! Akafuata wa pili aliyeitika, puu! Akafuata wa tatu, puu! Puu! Puu! Puu! Mwisho kabisa likashuka lile kinda, puu, limestaafu na malaika yake shingoni. Ndiyo maana mpaka leo tumbusi hana kazi. Anazunguka juu tangu asubuhi, anangoja chakula cha wengine kibaki.

Bi Mbayuwayu akarudi shinani. Kesho yake alfajiri, fyuuu, akavuka, na jua halijawa kali alikuwa kiotani. Kinda mdogo akafungua mdomo. Mbayuwayu akalishika shavu lake kwa bawa, akalia kidogo, kisha akaenda kutafuta kumbikumbi wengine. Kiangazi kikaja, panga la Kiboko halikumgusa rubani yeyote, kwa sababu tawi lilikuwa na nafasi tele. Wakampigia kura, akawa msemaji wa chama. Akala kiapo kizuri sana, Chiriku alitokwa na machozi.

Mwaka uliofuata Kiboko akatoa kichwa majini. Alikuwa amenunua kampuni nyingine, ya Pangoni, ambayo marubani wake ni popo.

Popo wakaja kwa heshima zote, wametanguliwa na mkubwa wao, mzee mwenye masikio yaliyochakaa.

"Bi Msemaji," akasema, "mimi nimevuka bonde hili masika hamsini, sijaangusha hata konokono. Nikae wapi?"

Mbayuwayu akamtazama. Akatazama shina. Akafikiria safari ya alfajiri, akafikiria makinda mapya aliyokuwa nayo kiotani.

"Ulikuwa unavuka saa ngapi, baba?"

"Usiku, mama. Sisi kazi yetu ni usiku."

"Ah," akasema Mbayuwayu, kwa upole kabisa. "Pole sana. Usiku hauhesabiwi."

Mzee Popo akatazama juu ya tawi, kuanzia shinani hadi nchani. Nafasi zilikuwa tele, lakini hakuna aliyempisha. Basi yeye na watu wake wakajishikiza chini ya tawi, miguu juu, vichwa chini, wakakata rufaa. Wananing'inia hapo mpaka leo, wanangoja kuitwa.

Na funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba mnyonge akipewa nafasi hawezi kamwe kuwasahau wanyonge wenzake. Anayebisha akawaulize popo.

Hadithi imetua!

— Tushuke?

Shukeni. Wa mbele watangulie. Wa nyuma, malalamiko yenu nileteeni mimi.